Huduma Inayoanzia Kwenye Rimu

Ukitoka Mlandizi, Kibaha, ukashika njia ya Mzenga kwenda Maneromango, Kisarawe, baiskeli iliyobeba mizigo ya safari inapata mtihani wake. Tairi likichanika huko, Mzungu aliyetoka nayo Ulaya atamwomba fundi tairi la 28. Fundi analo. Atalitoa, na halitakaa.

Si kosa la fundi. Tairi la 28 la Phoenix, baiskeli iliyobeba magunia ya mkaa ya Kisarawe miaka nenda rudi, hukaa kwenye rimu yenye kipenyo cha milimita 635. Rimu ya baiskeli nyingi za Ulaya, ambayo nayo huitwa 28, ina milimita 622. Milimita 13 zinatosha kulifanya tairi lipwaye na kuchomoka.

Thorn, watengenezaji wa Bridgwater, Uingereza, walilifikiria jambo hili kabla ya kuuza. Kwa miaka mingi baiskeli zao za masafa walizifunga rimu za inchi 26, zenye milimita 559, kipimo kilekile cha baiskeli za giya za mtumba zilizojaa mijini kwetu. Soko la Ulaya lilipokimbilia magurudumu makubwa, wao hawakuwa na haraka. Kwangu hiyo ndiyo huduma kwa mteja. Simu kupokelewa kwa ukarimu ni jambo jema, ila hakuna anayefika Maneromango kwa kupanda simu.

Fremu zao nazo ni za chuma, na chuma huchomelewa. Hapa lakini pana tahadhari: bomba jembamba la kromoli, chuma cha fremu hizo, likipelekwa kwa fundi wa mageti mwenye mashine ya umeme, litatobolewa. Mtafute wa gesi, achomee kwa shaba.

Kazi ya Rohloff wa Ujerumani inafurahisha zaidi. Habu yao ya giya 14, iliyoingia sokoni mwaka 1998, imefunika mitambo yake yote ndani ya oili. Mchanga wa Kisarawe hauigusi. Mwenyewe anatakiwa kubadili oili kila kilomita 5,000, au mara moja kwa mwaka. Kifaa kama hicho kingeweza kuwa balaa kijijini, maana fundi hajawahi kukiona, achilia mbali kukifungua. Waliokichora wakaacha mlango wa dharura. Kwenye aina yenye kisanduku cha waya kwa nje, waya za giya zikikatika unafungua kisanduku, unashika ekseli ndogo ya kubadilishia giya kwa spana namba 8, unaizungusha mpaka upate giya nyepesi ya kupandia, kisha unaendelea na safari. Spana namba 8 haikosi kwenye boksi la fundi yeyote wa Maili Moja, Kibaha.

Mlango huo una mpaka wake. Ukingo wa habu unaoshika spoku ukipasuka, hakuna spana itakayosaidia. Ni aluminiamu, na spea lazima itoke kiwandani. Hapo ndipo barua, namba ya habu na uungwana wa kampuni vinapoanza kuwa na maana.

World Bicycle Relief, shirika lililozaliwa mwaka 2005 baada ya tsunami ya Bahari ya Hindi, lilipita njia nyingine kabisa. Baiskeli yao ya Buffalo ya awali, ambayo Kenya huunganishwa Kisumu, haina ufundi wa kufichwa: giya moja, breki ya kukanyaga pedali kinyumenyume, kariya ya kubeba kilo 100. Pamoja na baiskeli, shirika linafundisha mafundi wa vijijini na kuwapelekea spea. Fundi mwenyewe ndiye idara ya huduma.

Gharama ya njia hiyo inaonekana kwenye mizani. Buffalo tupu ina uzito wa kilo 23 hivi, na kwa giya moja, vilima vya Pugu utavipanda ukiisukuma.