Adabu ya Kukusanya Ushahidi wa Kompyuta

Kompyuta ya ofisi ikidukuliwa, wengi hukimbilia kuizima. Umeme ukikatika, yaliyomo kwenye RAM hupotea: programu zilizokuwa zikiendeshwa, miunganisho ya mtandao iliyokuwa wazi, pengine hata funguo alizotumia mdukuzi kufungia mafaili. Mkusanyaji hodari huanza na kile kinachowahi kupotea. Mwaka 2002 mwongozo wa RFC 3227 uliuandika utaratibu huo hatua kwa hatua: kwanza yaliyomo kwenye kichakataji, kisha majedwali ya mtandao, orodha ya programu na RAM, halafu mafaili ya muda, ndipo diski, na mwisho kabisa nakala za akiba. Naupenda utaratibu huu kwa sababu unamtaka fundi auzuie udadisi wake. Jibu analolitamani huenda liko kwenye diski, lakini diski itamsubiri.

Kisha kuna logi, yaani daftari la matukio ya kompyuta. Windows huandika kila anayeingia: tukio 4624 ni aliyefaulu, 4625 ni aliyeshindwa. Mamia ya 4625 yakifuatana, halafu ikatokea 4624 moja, fundi ana kila sababu ya kushuku kwamba nywila imekisiwa mpaka ikapatikana. Mdukuzi analijua hilo, kwa hiyo hufuta logi. Lakini logi ya usalama ikifutwa, Windows huandika tukio 1102 na kuitaja akaunti iliyofuta. Anayeficha nyayo anaacha unyayo mwingine! Adui mkubwa zaidi ni nafasi. Kwenye kompyuta nyingi logi hiyo hupewa megabaiti 20 hivi. Ikijaa, matukio mapya huyafunika ya zamani. Seva yenye shughuli nyingi inaweza kuupoteza ushahidi wa juzi bila mkono wa mtu yeyote. Ndiyo maana ufundi huu unataka wepesi pamoja na utulivu, mambo mawili ambayo ni nadra kukaa kwa mtu mmoja.

Taasisi yenye kompyuta elfu moja haizungukiwi meza kwa meza. Zana kama Velociraptor huweka programu ndogo kwenye kila mashine, fundi akauliza swali moja na mashine zote zikajibu. Sasa kati ya fundi na zana hizo ameingia wakala wa akili unde. Fundi anaandika kwa lugha ya kawaida: nitafutie walioingia kwenye kompyuta za uhasibu saa nane usiku wa kuamkia Jumanne. Wakala anatunga swali, analituma, anayapanga majibu. Kazi ya siku nzima inakwisha kabla chai haijapoa.

Hapo ndipo adabu ya fundi inapohitajika zaidi. Logi za Windows hutunza muda kwa UTC, na saa nane hiyo ya usiku Dar es Salaam ni saa 23:00 ya Jumatatu kwa UTC. Wakala asipoelezwa, ataipekua siku isiyohusika na kuripoti kwa ufasaha kwamba hakuona kitu. Tena logi zimejaa maneno yaliyoandikwa na mdukuzi mwenyewe, kama vile majina ya mafaili. Akipachika humo agizo la kufuta, wakala asiyewekewa mipaka anaweza kulitii. Kwa hiyo fundi makini humpa ruhusa ya kusoma tu, huandika kila swali alilouliza, na huipigia kila nakala heshi ya SHA-256, herufi na tarakimu 64 zinazobadilika kabisa hata biti moja ikiguswa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 inaitaka mahakama ipime jinsi rekodi ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa na ukamilifu wake ulivyolindwa. Muhtasari wa wakala, hata uwe mzuri vipi, ni fununu ya mahali pa kutazama. Ushahidi ni faili lenyewe.

Nausifu ufundi huu kwa ajili ya mtu mmoja hasa: karani ambaye akaunti yake imetumika kuhamisha fedha. Wakubwa wake wameshaliona jina lake na wameshahukumu. Lakini tukio 4624 lina mengi kuliko jina. Aina ya 2 ni aliyeketi mbele ya kibodi. Aina ya 10 ni aliyeingia kutoka mbali, na anwani ya mtandao alikotokea huandikwa hapohapo. Tarakimu hizo zikiwahiwa kabla hazijafunikwa, zikanakiliwa bila kuguswa na kufika salama mbele ya hakimu, zinaweza kumrudishia karani jina lake na kazi yake. Wakala ameongeza kasi ya kuzifikia. Kuzifikisha zikiwa safi bado ni dhamana ya binadamu, naye anastahili heshima kwa kuibeba.