Mafuta Yasiyo Mafuta: Tahakiki ya Istilahi za Breki

Istilahi hupimwa kwa namna mbili. Kwanza huulizwa kama inakubaliana na sarufi na matamshi ya Kiswahili. Pili huulizwa kama inamfikisha mtumiaji kwenye dhana inayokusudiwa. Katika kazi zetu kipimo cha kwanza hupewa nafasi kubwa, na cha pili aghalabu huachiwa wataalamu wa fani. Makala hii inakusudia kukitumia kipimo cha pili katika uwanja mdogo, yaani istilahi za breki, hasa breki za gari la spoti linalotayarishwa na dereva wa ridhaa kwa ajili ya kuendeshwa kwenye barabara ya mbio.

Uwanja huu umechaguliwa kwa makusudi. Katika barabara za kawaida breki hupumzika muda mwingi, na jina lenye kasoro laweza kuishi miaka mingi bila kumdhuru mtu. Katika barabara ya mbio breki hufanya kazi hadi ukomo wake, na kasoro ya jina hudhihirika upesi.

Siku yenyewe na majina yake

Katika Uingereza na Ujerumani viwanja vya mbio hufunguliwa siku maalumu ili watu wa kawaida waje na magari yao wenyewe. Silverstone, ambao ulikuwa uwanja wa ndege za kivita kabla ya kuanza kutumika kwa mbio mwaka 1948, ni mmojawapo. Nürburgring nchini Ujerumani, uliofunguliwa mwaka 1927, una barabara ya kaskazini yenye urefu wa kilomita 20.8, na mwenye gari huingia kwa kulipa ada. Katika siku za namna hii hakuna mshindi wala zawadi. Nchini Uingereza dereva kwa kawaida haruhusiwi kulipita gari jingine mpaka mwenzake ampe idhini.

Kwa hiyo mfasiri anayeandika "mashindano ya magari" amekosea dhana nzima, na kosa hilo lina matokeo: msomaji ataelewa kwamba gari linalohitajiwa ni la mashindano, na kwamba dereva amekwisha kufunzwa. Kiswahili kina neno zuri la kumtaja dereva huyu. Tunasema ngumi za ridhaa na michezo ya ridhaa, yaani ile ifanywayo kwa hiari na bila malipo. Basi na tuseme "dereva wa ridhaa", si "dereva mwanafunzi" wala "dereva asiye na ujuzi". Siku yenyewe yafaa iitwe "siku huria ya uwanja wa mbio". Gari lake ni "gari la spoti", ili litofautiane na "gari la mbio", ambalo ni chombo kingine kabisa.

Kazi ya breki

Breki hugeuza mwendo kuwa joto. Tuchukue gari dogo la spoti kama Mazda MX-5, ambalo lilianza kuuzwa mwaka 1989, na tukadirie kwamba gari pamoja na dereva ni kilo 1,100. Likipunguza mwendo kutoka kilomita 160 hadi 60 kwa saa kabla ya kuingia kwenye kona, hutoa nishati ya kilojuli 930 hivi. Kiasi hicho chatosha kuyafikisha karibu lita 3 za maji ya nyuzi 25 hadi kuchemka. Sehemu kubwa ya nishati hiyo huingia katika diski na pedi kwa muda wa sekunde chache, na baada ya kona chache dereva hukanyaga tena. Zaidi ya hayo, mwendo ukizidishwa mara mbili, nishati huzidi mara nne. Ndiyo sababu gari lisilo na tatizo lolote mjini laweza kupoteza breki uwanjani kabla ya nusu saa kwisha.

Maandalizi ya dereva, basi, yote ni maandalizi dhidi ya joto: kubadilisha kiowevu kinachobeba nguvu ya mguu, kuchagua pedi zinazostahimili, kukagua unene wa diski, na kuelekeza hewa baridi kwenye magurudumu. Tuyatazame majina yake.

Neno "mafuta"

Gereji na maduka yetu yote husema "mafuta ya breki". Wafasiri wamelipokea jina hilo bila kulihoji, na limeingia katika vitabu vya mafunzo ya udereva na ya ufundi. Kasoro yake si ya sarufi. Kasoro ni kwamba linafundisha uongo.

Kila mtoto ajuaye kupika anajua kwamba mafuta na maji havichangamani. Kiowevu kinachotumika katika breki za magari mengi kina tabia iliyo kinyume: huchangamana na maji, na hunyonya unyevu wa hewani polepole kupitia mipira na kifuniko. Viwango vyake huainishwa kwa herufi DOT, ambazo ni kifupisho cha jina la Idara ya Usafirishaji ya Marekani. Kiowevu cha DOT 4 kikiwa kipya hakina budi kustahimili angalau nyuzi 230 kabla ya kuchemka. Kikiwa kimenyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinachotakiwa hushuka hadi nyuzi 155. Kwa DOT 3 viwango hivyo ni 205 na 140. Kwa DOT 5.1 ni 260 na 180.

Dereva aliyefundishwa kwamba ndani ya breki mna mafuta hana sababu ya kuogopa maji. Ataona chombo kimejaa hadi alama ya juu naye ataridhika, kwa kuwa mafuta ya kupikia au ya mashine hayaharibiki kwa unyevu wa hewa. Yule aliyefundishwa kwamba ni kiowevu kinachonyonya maji atauliza swali linalofaa: kimekaa humo kwa muda gani? Ataagiza chupa mpya isiyofunguliwa kabla ya siku ya uwanjani.

Hatari ya pili ni kubwa zaidi. Neno "mafuta" katika Kiswahili hubeba petroli, dizeli, mafuta ya injini, ya kula na ya kujipaka. Anayeona "mafuta" yamepungua aweza kuongeza mafuta mengine aliyo nayo. Mafuta ya petroli na ya injini huivimbisha na kuilegeza mipira ya silinda za breki, na mfumo mzima huharibika.

Tena ipo mifumo michache ambayo hutumia mafuta hasa. Tangu miaka ya 1960 kampuni ya Citroën iliunda magari ambayo breki na springi zake hutumia mafuta ya madini yenye rangi ya kijani. Ndani ya magari hayo kiowevu cha kawaida ndicho kinachoharibu mipira. Ikiwa vitu vyote viwili vinaitwa "mafuta ya breki", lugha yetu haina njia ya kuandika onyo.

Watumishi wa forodha wanalijua jambo hili kwa njia nyingine. Katika orodha ya kimataifa ya bidhaa, mafuta ya petroli yamo katika kichwa 27.10, na viowevu vya breki vimewekwa katika kichwa kingine, 38.19. Waraka wa Kiswahili unaoviita vyote mafuta unafuta mpaka ambao sheria imeuchora.

Twapendekeza "kiowevu cha breki". Wako watakaotaka "ugiligili", kwa kuwa ni neno lililozoeleka katika fizikia. Lakini dhana ya ugiligili hujumuisha vimiminika na gesi pamoja, na breki huishi kwa tofauti iliyo baina ya hivyo viwili. Kiowevu hakibanwi kwa urahisi, kwa hiyo hupeleka nguvu ya mguu hadi kwenye gurudumu. Gesi hubanwa, na nguvu huishia njiani. Istilahi inayozificha hali hizo mbili chini ya jina moja haiufai uwanja huu.

Hapa wapiga chapa nao wanahusika. DOT 5 na DOT 5.1 hutofautiana kwa nukta na tarakimu moja, lakini DOT 5 hutengenezwa kwa silikoni na haichangamani na vile viowevu vingine. Nukta hiyo ikidondoka katika usahihishaji wa prufu, fundi atatiwa kosani na kitabu chake mwenyewe.

Kufeli kwa breki

Magazeti yetu husema "gari lilifeli breki", na wafasiri hutumia usemi huo kila breki inapokataa kufanya kazi. Kwa taarifa ya habari neno hilo latosha. Kwa mwongozo wa kiufundi halitoshi, kwa sababu linazichanganya hitilafu mbili ambazo dalili zake hazifanani na tiba zake ni tofauti.

Ya kwanza hutokea katika pedi. Gundi inayoshikamanisha pedi za kawaida ikipata joto kupita kiasi huungua na kutoa gesi, na msuguano hupungua. Dereva husikia kanyagio ni gumu chini ya mguu wake kama kawaida, ila gari halipungui mwendo. Waingereza huiita hali hii kufifia. Mafundi wetu husema "breki hazishiki", na usemi wao ni bora kuliko tafsiri yoyote ya sisisi. Kutokana nao twapata "upungufu wa mshiko". Vijana hulitumia neno mshiko kwa maana ya fedha, lakini hakuna atakayepotoka katika kitabu cha magari. Tiba yake ni pedi zilizotengenezwa kwa joto kali, na hewa ya kupoza.

Ya pili hutokea katika kiowevu. Kikichemka, mvuke hujaza mabomba, na kanyagio huzama hadi sakafuni bila upinzani. Hii yafaa iitwe "mchemko wa kiowevu". Tiba yake ni kiowevu kipya chenye kiwango cha juu cha kuchemka. Aliyeambiwa tu kwamba "breki zikifeli badilisha mafuta" atabadilisha kiowevu huku pedi zake zimeungua, au atanunua pedi za bei kubwa huku kiowevu chake kimejaa maji.

Jambo hili haliishii kwenye viwanja vya Ulaya. Lori linaloteremka Mlima Kitonga huko Iringa hutumia breki za upepo, zisizo na kiowevu. Lina hitilafu yake ya joto: ngoma hutanuka na kujitenga na shuu, na mshiko hupungua. Ripoti ya ajali inayosema "breki zilifeli" haimwambii mkaguzi kama tatizo lilikuwa la joto, la uvujaji au la matengenezo.

Maneno ya gereji yanayostahili kuhifadhiwa

Si kila neno la gereji lina kasoro. Kwa kazi ya kufungua valvu ili hewa iliyonaswa itoke pamoja na kiowevu, mafundi husema "kutoa upepo". Usemi huu ni mfupi, unaeleweka, na hauhitaji kubuniwa mwingine. Mfasiri akumbuke tu kwamba katika lori upepo ndio nguvu ya breki, na katika gari dogo upepo ndio adui. "Hakuna upepo" ni hitilafu kwa lori, na ni sifa kwa gari dogo. Basi muktadha utajwe daima.

Pedi mpya hazina budi kutayarishwa kabla ya kutumiwa kwa nguvu. Dereva hupunguza mwendo mara kadhaa mfululizo bila kusimama kabisa, kisha huendesha polepole ili zipoe. Kwa njia hiyo tabaka jembamba la pedi huenea sawasawa juu ya diski. Akisimama huku akikanyaga pedi zenye moto, tabaka hujikusanya mahali pamoja na kanyagio hutetemeka. Mara nyingi fundi husema "diski imepinda" ingawa haikupinda. Kitendo hicho tusikiite "kulaza pedi", tukifuata neno la kigeni lenye maana ya kitanda. Mnyambuliko wetu unatupa "kuzoeanisha": pedi na diski huzoeana. Neno hilo linabeba dhana yote, kwamba kinachotayarishwa ni vitu viwili kwa pamoja.

Mapendekezo

Kiowevu cha breki: kimiminika kinachopeleka nguvu ya kanyagio hadi kwenye magurudumu.
Mafuta ya madini ya breki: yatumike kwa mifumo ile michache tu iliyoundwa kwa mafuta.
Upungufu wa mshiko: kupungua kwa msuguano kwa sababu ya joto.
Mchemko wa kiowevu: kiowevu kugeuka mvuke ndani ya mabomba.
Kutoa upepo: kuondoa hewa katika mfumo wa kiowevu.
Kuzoeanisha: kuandaa pedi mpya na diski zifanye kazi pamoja.

Itasemwa kwamba "mafuta ya breki" limekwisha kuota mizizi na haliwezi kung'olewa. Hatukusudii kuwasahihisha wauza duka. Twataka vitabu vya mafunzo, mitihani ya ufundi, nyaraka za forodha na lebo za chupa zitumie jina lisilopotosha, na walimu waeleze kwa nini. Mwanafunzi atakayeuliza sababu ya kubadilishwa kwa jina atakuwa amejifunza kwa nini kiowevu chenyewe hubadilishwa.

Wasomaji wetu, hasa walimu wa ufundi na wakaguzi wa magari, wanaombwa walete maoni yao kabla ya istilahi hizi kufikishwa mbele ya kamati ya usanifishaji.