Dhahabu Yenye Sahihi

Mwaka 1836, huko Cerveteri, kaskazini ya Roma, lilifunguliwa kaburi la Waetruski la karne ya saba kabla ya Kristo. Mlikuwamo bizimu kubwa la dhahabu lenye simba watano, na vito vilivyonakshiwa kwa chembe za dhahabu zilizoshikamana na bamba bila lehemu kuonekana. Ufundi huo ndio uliomteka Fortunato Pio Castellani, sonara wa Roma, na wanawe Alessandro na Augusto.

Walitafuta mafundi hadi Sant'Angelo in Vado, mji mdogo wa milimani, ambako masonara walikuwa bado wakifua vipuli na mikufu kwa mikono ya kurithi, wakawaleta Roma. Hata hivyo hawakuwafikia wale wa kale: lehemu yao ilitambaa baina ya chembe na kuzinyima kivuli. Ilikuwa hadi mwaka 1933 ndipo Mwingereza H. A. P. Littledale aliposajili njia ya chumvi ya shaba na gundi: gundi huungua, shaba huyeyukia katika dhahabu, chembe ikashika bila kuzama.

Je, kazi yao ihesabiwe uigaji ulioshindwa? Pale walipoufuata mfano wa kaburini nyayo kwa nyayo, kito chapendeza macho wala hakineni. Bali pale walipozizungusha chembe zao pembezoni mwa vijiwe vya rangi vilivyopangwa kuwa neno la Kilatini au la Kiyunani, waliitia nakshi ya kale kauli ambayo Waetruski hawakuwa nayo. Mshairi hakubuni mizani wala vina. Amevirithi, na hupimwa kwa anachokitia ndani.

Liko na jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Nyuma ya vito hivyo pana chapa ya herufi C mbili zilizopishana: kiungo cha uaminifu baina ya fundi na mvaaji. Alessandro huyo huyo aliiuzia British Museum, katika miaka ya 1870, jeneza la udongo la Kietruski, ambalo baadaye lilibainika kuwa kazi ya mafundi wa zama zake. Jeneza halikuwa na chapa. Yamkini mikono iliyolifinyanga ilikuwa hodari; lakini hodari asiyetia jina lake kwenye kazi ya kuiga amewaibia wawili, marehemu aliyeigwa na mnunuzi aliye hai. Kuiga si aibu. Aibu ni kuficha nani ameiga.