Zamu ya Mvinje, Zamu ya Jongoo

Kiwanda cha saruji cha Bamburi, kaskazini mwa Mombasa, kilianza uzalishaji mwaka 1954. Mali ghafi yake ni mwamba wa matumbawe ya kale, na kila kipande kilichokwisha kuchimbwa kiliachwa sakafu nyeupe isiyo na udongo, iliyo juu kidogo tu ya maji ya chini ambayo nayo ni ya chumvichumvi. Jua la adhuhuri likipiga mwamba ule, hapakaliki. Leo sehemu kubwa ya timbo hilo ni msitu, mabwawa na malisho ya wanyama, na watu wengi wanaijua kwa jina la Haller Park. Hapo ndipo kiboko Owen alipoletwa baada ya tsunami ya Desemba 2004, akafanya urafiki na kobe Mzee. Hadithi yao imesimuliwa dunia nzima. Mimi nawahusudu zaidi waliotengeneza kivuli walichokaa wanyama wale.

René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alifika Bamburi mwaka 1959 kusimamia mashamba ya kampuni. Mwaka 1971 alianza kujaribu miti kwenye mwamba. Alijaribu aina 26, zikasimama tatu: mnazi, mti mmoja wenye asili ya Somalia, na mvinje. Napenda uvumilivu wa jaribio lile. Mtu mwenye pupa angeanza na mti anaoutamani, akaumwagia maji na mbolea mpaka fedha ziishe. Yeye aliuacha mwamba uchague.

Mvinje sisi wa pwani tunauona kila siku, na kwa hiyo hatuutazami. Kata kijiti kimoja, ukilete karibu na jicho. Kile tunachokiita jani ni tawi jembamba lenye vifundo, na majani yenyewe ni vimagamba vidogo mno vinavyokizunguka kila kifundo. Mti wenye majani madogo kiasi hicho hupoteza maji kidogo sana. Chini, mizizi ina vinundu vinavyohifadhi bakteria waitwao Frankia, ambao hunasa naitrojeni iliyo hewani na kuulisha mti. Ndiyo maana unaweza kuota mahali ambapo hapajaoza kitu.

Lakini bakteria hao hawaji wenyewe. Mche uliooteshwa kwenye mchanga safi hudumaa na kugeuka njano. Mtu wa kitalu anayeijua kazi huenda chini ya mvinje mkubwa, akachota udongo kidogo, akauchanganya na ule wa kwenye viriba. Kisha huatika: hutoboa tundu kwa kijiti, hushusha mzizi unyooke, hushindilia pembeni kwa vidole viwili. Mzizi ukikunjwa siku ile, mti unaweza kuonekana mzima kwa miaka, halafu uje ulazwe na upepo wa kusi. Kosa la dakika moja kitaluni hulipwa na mtu mwingine, baadaye sana. Kisha huja mtaimbo, kutoboa mashimo kwenye mwamba, kazi inayochubua viganja. Vitabu humtaja Haller, na anastahili. Mikono iliyoshika viriba na mitaimbo haikuandikwa majina.

Mivinje ikakua, na shida mpya ikaja. Vijiti vilivyoanguka vilijaa chini bila kuoza, kwa sababu vina tanini nyingi na vijidudu vya kuozesha havivipendi. Msitu ulikuwa juu, chini bado mwamba. Suluhisho likawa jongoo, yule mkubwa mwenye miguu myekundu, tunayemfagia uani mvua zikinyesha. Yeye huvila vijiti vile vikavu, na kinyesi chake ndicho bakteria na kuvu wanachoweza kukimaliza. Wakakusanywa mamia, wakaachiwa chini ya mivinje. Udongo ukaanza kujengeka, mweusi, kidogo kidogo, juu ya jiwe.

Hapo ndipo ufundi ulipohitaji moyo mgumu, maana mvinje uliofungua njia sharti upunguzwe. Usipoupunguza, mwanga haufiki chini na miche ya mvule na miti mingine ya asili haiinuki. Wakulima wa Kilifi na Kwale wanaolima mivinje kwa nguzo za kujengea wanayo elimu hii mikononi: upi ukatwe, upi uachwe unenepe. Njia ya kupastawisha mahali pagumu kwa hatua imetoka nje ya timbo pia, na tangu mwaka 2004 taasisi yenye jina la Haller hufanya kazi na wakulima wa vijiji vinavyoizunguka Mombasa.

Ninayasema haya kwa sababu ya Kwale. Machimbo ya titani ya huko yalifungwa mwishoni mwa 2024, na wakati wa uchimbaji kampuni ilijenga kitalu kikubwa cha miti ya asili. Mara nyingi wanakijiji huitwa siku ya kupanda tu, wakapewa mche na kupigwa picha. Kwangu huko ni kuchelewa mno. Waitwe tangu kwenye mbegu. Mbambakofi, kwa mfano, hutoa ganda gumu kama ubao, na ndani mna mbegu nyeusi zenye kofia nyekundu. Anayejua mti upi umezaa mwaka huu, na maganda yatapasuka lini kabla panya hawajazifikia, ni mtu anayepita pale kila siku akienda kuchanja kuni. Miti mingi ya aina hiyo imebaki ndani ya kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda, ambako hakikatwi wala hakitolewi kitu bila ruhusa ya wazee. Mwenye kitalu atalazimika kwenda kukaa nao, aeleze anachotaka na atakachorudisha, na wakusanyaji wa mbegu walipwe ujira wa fundi.