Laptop ya DJ: soma namba, achana na stika

Dijei wa harusi hahitaji kompyuta mpya. Anahitaji ya ofisini iliyotumika, ya 2018 kuja juu, na hela inayobaki aiweke kwenye RAM. Nayasema haya mapema kwa sababu dukani Kariakoo mazungumzo huanzia kwenye stika ya i7, na hapo ndipo wengi wanapopigwa.

Tuchukue kesi ya kijana mmoja wa Mbagala ambaye mashine yake ilikufa madabodi. Usiku anapiga muziki kwenye shughuli, mchana mkewe anaandikia ankara za duka. Mbele yake ziliwekwa tatu: mpya yenye Celeron N4020, RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64, mtumba yenye i7-6600U, na mtumba nyingine, Lenovo ThinkPad T480 yenye i5-8250U. Ile mpya tuliiondoa mara moja, maana Windows yenyewe ingeimaliza kabla wimbo haujaanza. Ubishi ukabaki kwa zile mbili.

Kwa prosesa hizi mbili, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo jenereshani. 6600U ni ya sita, ina kori mbili. 8250U ni ya nane, ina kori nne. Kwa hiyo i5 hii inaiacha mbali i7 ile, stika iseme itakavyo. Tena Microsoft iliacha kuihudumia bure Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa prosesa za Intel, Windows 11 inazikubali rasmi kuanzia jenereshani ya nane, ukiacha chache sana za nyuma yake.

Lakini kwa dijei kasi si kila kitu. Sauti ya kawaida ina sampuli 44,100 kwa sekunde, na programu huzipeleka kwa mafungu. Ukiweka bafa ya sampuli 512, kompyuta ina kama milisekunde 12 kuandaa kila fungu. Ikichelewa hata mara moja, spika inatoa mkwaruzo na ukumbi mzima unageuka. Mara nyingi mchawi si prosesa, ni draiva, hasa ya Wi-Fi, inayoishikilia prosesa kwa kitambo kidogo tu. Ndiyo maana mashine inayofungua Excel kwa kufumba na kufumbua inaweza kukukwaruzia muziki. Dijei anapimia ule wakati mbaya kuliko wote, wastani haumsaidii.

Kwa hiyo kijana alikwenda dukani na kontrola yake na hedifoni. Tukaweka kwenye T480 Mixxx, programu ya dijei ya bure, na LatencyMon, programu inayotaja draiva gani inachelewesha. Nyimbo mbili zikapigwa kwa pamoja, Wi-Fi ikiwa imewashwa, kisha imezimwa. Ilipowashwa, mistari ya LatencyMon ilipanda, ilipozimwa ikatulia. Hilo linavumilika, kwani ukumbini Wi-Fi haihitajiki. Kama mistari ingeendelea kupanda, tungeirudisha mashine mezani.

Kuna vingine vya kukagua, na muuzaji atakunja uso kidogo. Andika powercfg /batteryreport uone betri imebaki na uwezo gani ukilinganisha na ilivyotoka kiwandani. Ingia BIOS; ikidai nywila ya kampuni iliyokuwa ikiimiliki, ondoka. Angalia skrini pia, maana baadhi ya T480 zina 1366×768, na orodha ya nyimbo inabanwa mno. Tafuta 1920×1080.

T480 ilishinda kwa mambo mawili zaidi. Ina nafasi mbili za RAM, hivyo GB 8 zikawa 16 bila fundi kuunguza chochote. T490 iliyoifuata ina nafasi moja tu, RAM nyingine imechomelewa. Pia T480 ina betri mbili, ya nyuma unaichomoa na kubadili mashine ikiwa inafanya kazi. Jenereta ikizima spika nazo zinanyamaza, sawa, lakini umeme ukirudi hungoji Windows iwake. HP EliteBook 840 G5 na Dell Latitude 7490 ni za rika hilo hilo, nazo hazina ubaya. MacBook Air ya M1 ni nzuri sana kwa sauti, ila RAM yake haiongezeki na bei haikuingia kwenye bajeti hii.

Udhaifu upo. Kutenganisha sauti ya mwimbaji na mdundo, jambo ambalo programu za VirtualDJ na Serato zinalo, kunaielemea i5 hii ukifanya papo kwa papo. Nyimbo za kuchezea hivyo ziandaliwe nyumbani. Na kabla ya shughuli uizuie Windows isizime matundu ya USB kwa kuokoa umeme, la sivyo kontrola itapotea katikati ya keki.

Muuzaji akikukatalia kuijaribu na kontrola yako kwa nusu saa, usibishane naye. Kariakoo ina maduka mengi, nenda la pili.