Mwigizaji Mmoja Si Mtu Anayesema Peke Yake

Hivi karibuni tulihudhuria onyesho la kuigiza ambalo mwigizaji wake, mama wa makamo, alikuwa mmoja tu. Jukwaani palikuwa na kigoda, kibatari na kanga moja. Kwa muda wa saa nzima mama huyo alikuwa mara mjane, mara shemeji anayedai urithi, mara karani wa mahakama asiyeinua macho katika faili lake. Kanga ikiwa kichwani, tulimwona mjane. Ikitupwa begani, shemeji. Ikikunjwa na kutiwa kwapani, ikawa faili. Hatukupotea hata mara moja.

Katika uigizaji wenyewe tuna dosari moja ya kutaja. Karani alichekesha kupita kiasi, hata vicheko vikayameza maneno ya mjane yaliyofuata, nayo ndiyo yaliyobeba kisa. Zaidi ya hapo, kazi ilikuwa njema.

Lililotukera ni karatasi ya maelezo tuliyopewa mlangoni. Humo onyesho liliitwa "mazungumzo ya peke yake". Jina hilo halielezi tulichokiona. Mjane alipotuuliza kama tungekuwa sisi tungetia sahihi, bibi mmoja wa safu ya mbele alijibu kwa sauti, "Usitie, mwanangu!" Mwigizaji akanyamaza, akamtazama, akatikisa kichwa kukubali, kisha akaendelea. Je, mtu anayejibiwa huwa anazungumza peke yake? Kwetu sisi, azungumzaye peke yake huulizwa kama ni mzima.

Kosa hili latokana na kuchanganya mambo mawili: idadi ya waigizaji, na yule anayeambiwa maneno. Tuchukue mfano unaojulikana na walimu wengi, yaani tamthilia ya Shakespeare ihusuyo Julius Caesar, ambayo tafsiri yake ya Mwalimu Nyerere ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1963. Wauaji wanapoondoka, Mark Antony hubaki na maiti ya Caesar akayatoa yaliyo moyoni. Hakuna aliye hai anayemsikia. Baadaye huuhutubia umati wa Roma, nao umati humkatiza, humjibu na kugeuka nia. Mara zote mbili msemaji ni mmoja, lakini ya kwanza ni mazungumzo ya nafsi na ya pili ni hotuba. Na tamthilia yenyewe ina waigizaji wengi.

Kinyume chake ni Krapp's Last Tape ya Samuel Beckett, iliyoonyeshwa kwanza London mwaka 1958. Hapo mwigizaji ni mmoja, na maneno pia ni ya nafsi: mzee wa miaka 69 husikiliza sauti yake mwenyewe aliyoirekodi akiwa na miaka 39. Watazamaji huwa kama wasikilizaji wa dirishani. Mjane wetu hakutuweka dirishani, alitukaribisha barazani.

Ndugu wa karibu wa onyesho lake ni mtambaji wa ngano, ambaye peke yake huwa sungura, fisi na mfalme, wala haanzi mpaka "Paukwa" yake imejibiwa "Pakawa". Ebrahim Hussein aliupeleka utambaji wa namna hiyo katika tamthilia alipotoa Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi mwaka 1976. Kwa hiyo mfano tunao nyumbani.

Twapendekeza basi kwamba "onyesho la mwigizaji mmoja" litumike kwa jumla. "Mazungumzo ya nafsi" yabaki kwa mhusika anayejisemea, hata kama jukwaani wamo kumi. Pale mwigizaji anapoikabili hadhira na kuisimulia, tuseme "utambaji wa jukwaani". "Mchezo wa mtu mmoja" tungeuepuka, maana wengine watadhani ni karata au riadha.

Huenda mtu akasema kuwa haya ni mabishano ya majina tu. La hasha. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba atazungumza peke yake atajifunza kuukodolea macho ukuta, na hadhira inayoambiwa kwamba haisemeshwi itanyamaza. Bibi wa safu ya mbele, kwa bahati njema, alikuwa ameitumia karatasi yake kama upepeo. Tunakaribisha maoni ya walimu na wafasiri.