Safari Isiyo na -ka-: Theluji, Kazi na Wakati katika Picha za New York

Safari ya kwenda kazini ni miongoni mwa visa vidogo kabisa vinavyoweza kusimuliwa. Mtu hutoka nyumbani, hupita njia aijuayo, hufika. Theluji inapoanguka usiku kucha, kisa hicho hupata mgogoro: njia imefunikwa, mwendo umekuwa mzito, na saa ya kuingia kazini haijabadilika. Kwa mwandishi wa hadithi fupi, malighafi hii yatosha. Makala haya yanachunguza iwapo yatosha pia kwa mpiga picha na, ikiwa yatosha, ni nani hasa anayeikamilisha hadithi yenyewe. Picha zitakazohakikiwa ni nne, zote za jiji la New York: mbili za Alfred Stieglitz, moja ya André Kertész na moja ya Saul Leiter.

Msingi wa swali hili si mgeni. Mwaka wa 1766, katika Laokoon, G. E. Lessing alitofautisha uchoraji, unaoonyesha vitu vilivyo pamoja mahali pamoja, na ushairi, unaoonyesha matendo yanayofuatana katika wakati. Sarufi ya Kiswahili inampa mhakiki njia nyepesi ya kulieleza jambo hilo hilo. Msimulizi wa Kiswahili huendesha matukio kwa kiambishi -ka-: akaamka, akavaa, akatoka, akafika. Kila -ka- huegemea tendo lililotangulia. Picha haina uwezo huo. Huweza kuonyesha -me-, yaani tendo lililotimia likaacha athari: theluji imeanguka, nyayo zimebaki. Huweza pia kudokeza -ki-, tendo lililonaswa kabla ya kukamilika: mtu akitembea. Lakini -ka- haimo. Huletwa na mtazamaji, na pale anapoileta ndipo itikadi yake inapopenyea.

Mfano wa kwanza ni Winter, Fifth Avenue ya Stieglitz. Gari la farasi linamjia mtazamaji katikati ya dhoruba; majengo yamefifia pande zote mbili, na magurudumu yaliyotangulia yamechora michirizi mizito barabarani. Katika makala aliyoyachapisha mwaka wa 1897 kuhusu kamera ya mkononi, Stieglitz alieleza kwamba picha hiyo ilitokana na kusimama kwa saa tatu katika dhoruba kali ya theluji, tarehe 22 Februari 1893, akingoja wakati ufaao. Maelezo hayo yamekuwa sehemu ya umaarufu wa picha hiyo. Yana ukweli wake: uvumilivu huo ndio uliompa mpangilio alioutaka. Hata hivyo, yamezaa usomaji wa upande mmoja. Shujaa wa kisa amekuwa mtu aliyesimama, ilhali ndani ya picha yumo mtu mwingine anayekwenda. Mwendeshaji wa gari lile hakuichagua dhoruba. Kwake yeye njia haielekei kazini. Njia ndiyo kazi. Saa tatu za msanii zimehesabiwa na kukumbukwa. Za mwendeshaji hazina mwandishi.

Picha ya pili, The Terminal, pia ya mwaka wa 1893, inalipa suala hili uzito zaidi. Tramu ya kukokotwa na farasi imefika mwisho wa njia. Mtu aliyevaa koti refu ametupa mgongo na anawashughulikia farasi wake. Mvuke unapanda kutoka miilini mwao katika baridi. Stieglitz, aliyekuwa amerejea Marekani mwaka wa 1890 baada ya kuishi Ulaya kwa miaka mingi, baadaye alieleza kwamba mandhari hiyo iliafikiana na upweke wake mwenyewe. Ushuhuda huo hauna budi kuheshimiwa, lakini haupaswi kuachiwa neno la mwisho. Kinachoonekana pichani ni mtu aliye katikati ya zamu, mwenye wanyama wanaohitaji kutunzwa kabla ya safari nyingine. Upweke ni wa mtazamaji; baridi ni ya mfanyakazi. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Pale uhakiki unapoizungumzia picha hii kama taswira ya upweke peke yake, kazi ya mtu mmoja hugeuzwa kuwa sitiari ya hisia za mwingine.

Kertész anaiweka kamera mahali tofauti kabisa. Tangu mwaka wa 1952 aliishi katika ghorofa ya kumi na mbili ya jengo linalotazama bustani ya Washington Square, na tarehe 9 Januari 1954 aliipiga picha bustani hiyo ikiwa imejaa theluji. Miti na nyua zimekuwa mistari myeusi juu ya weupe, na mtu mmoja mdogo anapita. Huu ni mtazamo unaokaribiana na ule wa msimulizi maizi, aonaye yote kutoka juu. Lakini kuna tofauti muhimu: msimulizi maizi huingia pia moyoni mwa mhusika, ilhali kamera ya juu huona kofia na koti tu. Picha haisemi kama mtu yule anakwenda kazini, anarudi nyumbani au anatembea tu. Katika miaka hiyo Kertész mwenyewe alikuwa akipata riziki kwa kulipigia picha jarida la House & Garden; picha za dirishani zilikuwa zake. Huenda ndiyo sababu mpita njia wake ameachwa huru, bila ya kupewa mwisho. Ukimya huo ni uaminifu: picha inakiri kwamba haina -ka-.

Saul Leiter anachukua hatua nyingine. Katika picha yake ya rangi ya mwaka wa 1952, wafanyakazi wa posta wako nje katika theluji. Jina la picha ni Postmen, basi. Neno hilo moja linatenda kile ambacho umbo peke yake lisingeweza: linawataja watu kwa kazi yao na kumzuia mtazamaji asiwageuze kuwa madoa ya kupendeza kwenye weupe. Picha nyingi za aina hii za Leiter zilijulikana kwa upana baada tu ya kitabu chake Early Color kuchapishwa mwaka wa 2006.

Huenda ikadaiwa kwamba uhakiki wa namna hii unaibebesha picha mzigo usio wake, na kwamba uzuri wa theluji unajitosheleza. Dai hilo lina nguvu kuhusu picha ya mandhari tupu. Mara binadamu anapoingia, akitembea, akiwa amechelewa au akiwa na mzigo, mtazamaji huanza kusimulia, apende asipende. Kwa hiyo wajibu wa mhakiki wa fasihi, aliyezoea kuuliza ni nani anasimulia na kwa niaba ya nani, haukomi ukurasani. Kila anayeitazama picha ya asubuhi ya theluji hutia -ka- yake. Lililo muhimu ni iwapo tendo linalofuata ni la aliyesimama akiitazama dhoruba, au la yule ambaye ilimbidi kuipita.